Wakili wa Ukutani na Shamba la Mama

Springfield, Virginia
Mwisho wa majira ya joto, 1999

Dada yangu Wakesho,

Epua sufuria kwanza, ukae. Barua hii haisikilizwi mtu akiwa amesimama.

Ukimsikia yeyote hapo Wundanyi akisema kwamba mji huu wa Washington unaendeshwa na Rais peke yake, mwambie hajui kitu. Rais ana kazi zake, nami nina zangu. Iko familia moja kubwa hapa, watu ambao jina lao limeandikwa kwenye mashamba ya Teksasi tangu enzi za farasi, nao hawawezi kuianza siku bila mimi. Chai hainyweki, gari haliondoki, gazeti halifunguliwi mpaka nimefika. Majuzi walikusanyika watu wengi kuliko ukoo wetu wote wa Mgange, na aliyesimama kusema mbele yao ni ndugu yako huyu, kitinda mimba wa Mama, yule mliyekuwa mkimcheka kwa uvivu wa kuchota maji. Nitafika huko, usiwe na haraka.

Mguu wako unaendeleaje? Ile baridi ya mwezi wa saba imekuachia? Na yule mbuzi mwenye pembe moja bado anakula nguo za watu? Mkamburi, najua ni wewe unayesoma, mpwa wangu. Soma kwa sauti, na usiruke maneno ukidhani mjomba anatia chumvi. Mimi afya ninayo. Ninachokosa ni hamu ya kula, maana nimechukia, nimechukia mpaka mate yamekuwa machungu kinywani, na sababu yake nitaieleza.

Barua yako niliipata, pamoja na ile karatasi ya wakili wa Voi. Nimeelewa yote. Kwamba tangu mvua ile ya El Nino iuhamishe mto na kung'oa mikonge ya mpaka wa chini, wana wa Mwadime wamelima hadi kwenye migomba ya Mama, wakisema mpaka ni mto, na mto ndio huo umehama. Kwamba wakili yuko tayari kuwashtaki na kututafutia hati ya shamba zima. Kwamba hataki hata senti, anataka tu theluthi ya shamba, kule chini kwenye chemchemi. Na kwamba inangojwa sahihi yangu, kwa sababu Baba alituandikisha mimi na wewe.

Dada, mwanzoni nilifurahi. Nilijiona mtu mwenye wakili wake. Nikachukua kalamu pale pale mezani, na mwenzangu wa chumba akanitazama. Huyu ni Shabani, Mtanzania, mtu wa Tanga, anafanya kazi ya kulinda maegesho ya magari. Mtu mzuri isipokuwa mdomo.

"Unaandika nini tena, mheshimiwa?" akaniuliza.

"Natia sahihi mkataba. Wakili wangu wa Kenya."

Akaisoma karatasi juu ya bega langu. "Kaka, huyu hataki pesa?"

"Hataki. Ni mtu wa watu."

"Basi mimi ningemwogopa."

"Wewe sheria umeijulia wapi? Hata kesi yako ya kupita taa nyekundu kule mahakama ya Upper Marlboro ni mimi niliyekushindia."

"Kunishindia! Si ulikuwa umelala kwenye benchi, unakoroma, mpaka askari akaja kukuamsha?"

"Nilikuwa natafakari."

"Haya, bwana. Tafakari na hiyo karatasi basi."

Kwa bahati, kalamu ile ilikuwa ya duka la bei rahisi, ikakwaruza bila kutoa wino. Nikasema sawa, jambo zito kama hili linataka kalamu nzito. Nikaikunja karatasi, nikaenda nayo kazini kwa Mzee Pruwiti, ambaye ana kalamu yenye mdomo wa dhahabu.

Huyu Mzee Pruwiti ndiye mkubwa wa familia ile niliyokuambia. Alifanya kazi serikalini hadi akastaafu, sasa miguu imemchoka. Mimi ndiye mshauri wake, dereva wake, na katibu wake wa mambo ya ndani. Ya ndani kabisa, mengine hayaandikiki. Jina langu limemshinda, ananiita Maiki.

Nikamwomba kalamu. Akauliza ya nini. Nikamweleza habari ya shamba letu, mto, wana wa Mwadime na wakili. Nilipofika kwenye theluthi, mzee aliyekuwa hana nguvu ya kuinua kijiko akapiga goti lake kofi.

"Theluthi!" akasema. "Theluthi, Maiki! Kama Jaji! Nisukume mpaka sebuleni!"

Sebuleni kuna picha kubwa ya rangi, mimi ndiye ninayeifuta vumbi kila wiki. Ni mtu mwenye ndevu kama ufagio, juu ya farasi mwekundu. Ndiye Jaji, babu wa baba yake Mzee. Mzee akaanza kunisimulia maisha yake, hakunyamaza mpaka supu ikapoa. Nami nakusimulia kama nilivyosikia, na mahali ambapo Mzee alisahau nimeziba mwenyewe.

Kwanza, huyo Jaji hakuwahi kuwa jaji. Alikuwa wakili tu, watu wakampa cheo kwa kumwogopa. Aliingia Teksasi kijana mwembamba, wakati huko ni mwisho wa dunia na serikali haijafika vizuri, amepanda nyumbu mwenye jicho moja, mkobani ana vitabu viwili vya sheria na chupa ya wino. Njiani nyumbu akaunywa wino wote, na tangu siku hiyo alipokojoa mchangani watu wenye kusoma walikuja kutazama kama kuna neno. Hilo la mwisho ni langu, lakini kwa nyumbu wa wakili linawezekana.

Mahakama ilikuwa nyuma ya duka la matandiko ya farasi. Hakimu alikaa juu ya pipa. Jaji alikuwa na sauti, Dada. Akisimama kutetea, ng'ombe wa nje waliacha kucheua. Mto mmoja ulihama ukamega shamba lake, akaushtaki. Naam, aliushtaki mto! Mto ukaitwa mara tatu mlangoni, haukufika, hukumu ikatolewa bila mto kuwapo, na Jaji akapewa ng'ambo yote. Hapo nikacheka, kwa kuukumbuka mto wetu. Kicheko changu cha mwisho siku ile.

Maana nilimuuliza, "Mzee, mtu wa nyumbu mmoja alipataje mashamba ambayo farasi hawezi kuyamaliza kutwa?"

Akanitazama kama mtoto mjinga. "Si nimekuambia? Theluthi."

Watu wa huko walikuwa na ardhi, fedha hawana na hati hawana. Mume amekufa kwa homa, mjane kabaki na shamba, na jirani anasogeza mpaka. Jaji anafika, anavua kofia, ananywa maziwa anayopewa, anasema, "Mama, mimi sitaki senti yako. Nipe theluthi." Mjane analia kwa kushukuru. Jaji anashinda kesi, anakata theluthi yake. Na anachagua mwenyewe! Unadhani alichagua kwenye mawe? Alichukua penye maji kila mara. Mwaka wa pili anazuka jirani wa upande mwingine. Jaji huyo tena, kofia mkononi, maziwa, theluthi ya kilichobaki. Mwaka wa tatu vivyo hivyo.

"Na hao majirani," Mzee akasema huku akicheka mpaka ikabidi nimpigepige mgongoni, "nusu yao walikuwa wateja wake vilevile!"

Palikuwa na mjane mmoja ambaye nyumbani kwa Mzee wanamwita Bi Maziwa. Jina lake la haki hakuna anayelijua. Huyo kesi zilipokwisha alibaki na mahali pa nyumba yake, na kaburi la mumewe. Lakini kaburi lilikuwa ng'ambo ya kisima, na kisima sasa ni cha Jaji. Basi Jaji akampa ruhusa ya kupita kwenda kaburini. Jumapili tu. Na hilo, Dada, ndilo linalosimuliwa katika familia hii kama mfano wa huruma yake! Mzee alilisema kwa sauti ya kanisani.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la supu. Nilimwona Mama pale alipolala, juu kidogo ya chemchemi, na wewe na mguu wako umesimama kwenye seng'enge ya wakili wa Voi ukiomba kupita kwenda kupalilia kaburi.

Nikauliza, "Na kabla ya hao wajane, ardhi ilikuwa ya nani?"

"Haikuwa ya mtu. Ilikuwa tupu."

Tupu. Maneno yale yale aliyoambiwa babu yetu juu ya nyika ya chini, kabla haijawa mashamba ya mkonge ya mzungu na mbuga ya ndovu. Ilikuwa tupu, kumbe babu alikuwa upepo.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika siku zote za kuifuta ile picha. Niliitazama. Pembeni, chini, kuna mkono umeshika hatamu za farasi. Mkono mweusi. Mkono tu, Dada, mpaka hapa kwenye kiwiko. Mwili wote umekatwa na fremu.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Nani?"

"Huyu mwenye mkono."

Akasogeza miwani. "Ah. Mtumwa wa zizini, nadhani."

"Jina lake?"

"Sijui. Nani angejua?" Kisha uso ukamng'aa. "Lakini farasi aliitwa Jenerali!"

Nikautazama ule mkono, nikautazama na wangu, umeshika bakuli. Nilimpa supu yake, nikairudisha kalamu ya dhahabu kwenye kisanduku chake bila kuichovya.

Sasa sikiliza jinsi ndugu yako alivyolipiza.

Wiki iliyofuata ilikuwa karamu ya ukoo. Walitoka Teksasi, wanaume kwa wanawake, kofia kama nyungo, wote wameletana kumsherehekea Jaji. Bi Karolina, binti yake Mzee, ndiye mwenye shughuli. Akaipamba picha kwa maua, akaleta nyama ya moshi ambayo ingelisha harusi tatu, na katikati ya meza keki. Keki yenyewe ilichorwa ramani ya shamba la Jaji! Mto wa sukari ya buluu, kisima, seng'enge za chokoleti. Watu wanaishangaa, wanapiga picha, watoto wanaonyeshana, "Hapa ni petu, hapa ni petu." Hakuna aliyeuliza palikuwa pa nani. Nilisimama karibu na Mzee nikinuka hasira kama beberu.

Ndipo Bi Karolina akagonga bilauri kwa kijiko, akatangaza jina langu la Maiki, akasema nitasema maneno mbele ya wote kabla ya kula. Nilisimama. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu. Nikaielekea picha, kisha nikawageukia wao, nikasema hivi, na ninalikumbuka kila neno:

"Nyinyi ukoo wa Pruwiti! Mtu huyu mnayempamba maua alikuwa mwizi mwenye kofia nzuri. Alifika mahali penye watu akasema hapana watu. Alikunywa maziwa ya wajane akawanyang'anya kisima. Nyama hii imenona kwenye malisho ya Bi Maziwa, ambaye mlimla hata jina. Na mkono ule pale una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mama aliyempa jina siku aliyozaliwa, nanyi mmehifadhi jina la farasi! Mungu anawaona. Anaijua mipaka yote, na hati zake haziandikwi na wakili wa theluthi!"

Dada, ungekuwepo. Hapakusikika hata uma. Wanaume wale wakubwa walikuwa wamevua kofia zao, wamezishika kifuani. Vichwa vyote vimeinama. Mzee Pruwiti amefumba macho, kidevu kinamtetemeka. Nilipomaliza, mama mmoja mwenye lulu shingoni alinijia akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema katika maisha yake hajasikia maneno yaliyomwingia moyoni namna ile. Tangu siku hiyo Bi Karolina ananiheshimu mpaka naona haya.

Basi, tuache ya Wamarekani, turudi Mgange.

Karatasi ya wakili nakurudishia ndani ya bahasha hii, haina sahihi yangu na haitaipata. Usinikasirikie. Najua umechoka kugombana na wana wa Mwadime kila asubuhi, na mimi niko mbali nikila nyama ya moshi. Lakini theluthi yake ni ile ya chini, yenye maji, yenye njia ya kwenda kwa Mama. Akishaipata, hata hati ya juu itatufaa nini? Tutakuwa na hati ya vumbi.

Fanya hivi. Kwanza, kabla ya yote, waite wana wa Mwadime, wape uji, uwaulize kwa upole ni nani aliyewaambia kwamba mpaka ni mto. Maana baba yao alikufa akijua mpaka ni mikonge, na vijana wale si watu wa kuwaza peke yao. Wakitaja mtu wa Voi, utakuwa umemwona Jaji bila kupanda ndege.

Pili, nenda kwa Chifu, umwombe baraza lifanyike pale pale shambani, lisifanyike ofisini. Wazee waliopanda ile mikonge pamoja na Baba bado wapo: baba mkwe wa Righa, na yule fundi wa matofali wa kule Werugha. Waambie watembee kwenye mstari kwa miguu yao. Mvua iliing'oa mikonge ya juu ya ardhi, lakini Baba alikuwa akifukia mkaa chini ya kila mche, na mkaa hauozi. Wachimbe. Miche ile aliitoa shamba la mzungu ndani ya koti, akachomwa na miiba mbavuni, akabaki na alama mpaka kufa kwake. Hakuteseka vile ili mtu wa suti aje kuchagua kipande. Wakishauona mkaa, na wana wa Mwadime wakauona kwa macho yao, sorovea atapima, na hati itatoka kwa njia ya ofisi ya ardhi kama ya watu wengine. Itachelewa. Na ichelewe.

Nisalimie Mkamburi msomaji wangu, aongeze bidii. Nisalimie shemeji Mghanga, fundi baiskeli, mwambie hata hapa hajazaliwa wa kumfikia. Nisalimie shangazi aliyenilea nilipoumwa surua, na mwalimu wa kwaya, na hata mbuzi. Wana wa Mwadime nao wasalimie. Ni jirani zetu, na wao pia watahitaji maji ya ile chemchemi.

Shabani naye anakusalimu. Yuko kitandani kwake hapo anacheka peke yake kama mwehu. Amesema kuna kipande cha habari nimekiruka, na nisipokiandika atakuandikia yeye, na Kiswahili chake cha Tanga ni kirefu. Mkamburi, hapa shusha sauti, umsomee mama yako peke yake.

Ile hotuba yangu, Dada, ilikuwa sala ya chakula. Bi Karolina aliwatangazia kwamba Maiki, Mkristo safi kutoka Afrika, ataibariki meza kwa lugha ya kwao. Ndiyo maana walivua kofia. Yote niliyosema niliyasema kwa Kiswahili, mikono nimeikunjua, macho nimeyafumba nusu, na hakuna hata mmoja aliyeelewa neno. Kwa hiyo wakili akija kwenye baraza na Kizungu chake kitamu, nanyi mmeinamisha vichwa, usiitikie kitu mpaka Mkamburi akutafsirie chote.

Nilipomaliza palikuwa kimya, wote wanangoja, nikashikwa na woga. Nikasema Amina, nao wakaitikia Amina. Kisha nikapewa kipande cha keki chenye kisima, nikakila chote.

Ndugu yako,
Mwangeka